Kabla ya kwenda njia za msituni, mjue kwanza farasi wako akiwa mzima

Ndugu, umesema umepata farasi wako wa kwanza, marafiki wanataka mwende pamoja njia za msituni mwisho wa wiki, na unauliza uanze na nini, tandiko, helmeti au mazoezi. Helmeti haina mjadala, vaa kila ukipanda hata kama ni mzunguko wa dakika 10. Ila mi nakujibu kitu ambacho sijaona wenzangu waliokujibu wamekigusa: kabla hujaenda naye popote, kaa naye wiki mbili tatu umjue akiwa mzima yukoje. Yaani anakulaje, ananya mara ngapi, anapumuaje, kwato zake zina joto gani asubuhi. Mi niko na jike langu Shani mwaka wa 9 sasa, na kila nilipowahi kugundua ana tatizo ni kwa sababu nilishaijua siku yake ya kawaida.

Nikifika bandani asubuhi, kabla hata sijamsalimia naangalia chini. Mavi. Farasi mzima ananya mara nyingi sana kwa siku, 8 hadi 12 hivi, na Shani kwa usiku mmoja huwa anaacha mafungu 5 au 6. Nikikuta 2 tu, au ni makavu madogo madogo, siku hiyo hapandwi mpaka nijue kuna nini. Halafu ndoo za maji. Farasi wa kilo 500 anakunywa lita 25 mpaka 40 kwa siku hata kama hajafanya kazi, kukiwa na joto anazidisha, sasa kama ndoo iko kama ulivyoiacha jana jioni ujue kuna jambo. Na nyasi pia, zisipungue bandani. Tumbo lake lenyewe, pale chakula kinapoingia, ni dogo ukilinganisha na mwili wake, ameumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku, na farasi hawezi kutapika, kikimkaa vibaya hakina njia ya kurudi juu. Ndo maana mi simpi chakula cha nafaka kingi kwa mpigo halafu nikamwacha na tumbo tupu masaa kumi, nyasi ndo chakula chenyewe, hizo pumba na nafaka ni nyongeza tu.

Kwato ndo usizifanyie uvivu kabisa. Inua kila mguu, kwangua uchafu kutoka kisigino kwenda mbele, taratibu pembeni ya ile nyama yenye umbo la V, ukisikia harufu mbaya ya kuoza au ukaona utomvu mweusi hapo pameanza kuoza na banda lako lina unyevu mwingi. Weka kiganja juu ya ukwato mmoja mmoja. Ukwato mmoja ukiwa wa moto kuliko mingine, au ukasikia mshipa unapiga kwa nguvu pale nyuma ya kifundo, usisubiri achechemee, mpigie simu daktari wa mifugo. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8, usingoje mpaka kiatu kilegee.

Kupiga brashi wengi wanaona ni urembo tu, mi naona ndo ukaguzi wenyewe. Napiga brashi kwa mkono mmoja, mkono mwingine mtupu unafuata nyuma, na pale mkanda wa tandiko unapopita chini ya kifua napapasa kwa vidole vyote, maana punje za mchanga zikibaki kwenye manyoya pale, masaa mawili ya safari ni kidonda tayari.

Na jifunze kuhesabu mapigo ya moyo. Kuna mshipa unapita chini ya mfupa wa taya, uguse kwa vidole viwili, sio kidole gumba. Akiwa ametulia farasi mkubwa huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, Shani wangu ni 34 au 36. Joto la mwili ni 37.2 mpaka 38.3, thamometa inaingia nyuma, ifunge uzi usije ukaipoteza. Andika mahali namba za farasi wako, zake yeye, maana hizo za jumla hazitakusaidia sana siku farasi wako anayepigaga 32 ukimkuta na 48 amesimama tu kivulini.

Haya sasa njiani na wenzako. Sisi tuko wanne, tumepanda pamoja miaka mingi, na tuna utaratibu ambao tuliupata kwa kukosea. Dakika 15 za kwanza ni mwendo wa kawaida tu, halafu wote tunasimama kukaza mikanda ya matandiko, kwa sababu farasi wengi wanakaza misuli na kutanua kifua ukiwafunga bandani na baadaye mkanda unalegea. Kati ya farasi na farasi acha nafasi ya mwili mzima wa farasi, anayepiga teke tunamfunga utepe mwekundu mkiani na anakaa wa mwisho. Mwendo unaamuliwa na yule asiye na uzoefu sana, sio na yule mwenye farasi wa mbio, kwa hiyo wewe ukisema mwendo wa matiti, yaani ule wa kukimbia taratibu kwa kudundadunda, unatosha, basi hakuna anayekimbiza shoti. Mteremkoni ni kutembea tu. Na kurudi nyumbani usimzoeshe kukimbia, kilomita ya mwisho sisi tunashuka, tunalegeza mikanda tunatembea nao kwa miguu.

Lile la kungojana majini ndo lilitufundisha vibaya. Tulifika kwenye kijito, farasi wangu na wawili wengine wakamaliza kunywa, sisi tukaanza kupanda ukingo huku mwenzetu bado farasi wake ameinamisha kichwa. Alipoinua akaona wenzake wanapotelea kwenye miti, akaruka kijito kizima kutufuata, mwenzetu akaanguka kwenye mawe akavunjika mkono. Farasi yule hakuwa mkorofi hata kidogo, farasi ni mnyama wa kundi, kuachwa peke yake kwake ni hatari ya kufa, na sisi watatu ndo tuliokosea. Toka siku hiyo hakuna anayesogea hata hatua moja mpaka farasi wa mwisho ameinua kichwa na mwenye naye amesema twende.

Sasa nikwambie kwa nini nakazania ile habari ya kumjua. Miaka minne iliyopita tulitoka safari ndefu kidogo, siku ya joto, Shani alifika vizuri tu, nikamwagia maji nikamwacha na nyasi. Jioni nikapita. Nyasi ziko vilevile. Fungu la mavi moja tu, na akageuza shingo kuangalia ubavu wake, mara moja, akarudi kusimama. Mtu mwingine angesema amechoka. Nikashika mshipa, 56. Nikaweka sikio ubavuni ambako siku zote nasikia tumbo linanguruma, upande wa kulia kimya.

Nikatoa chakula chote, nikampigia daktari wa mifugo nikamtajia hizo namba, na sikumpa dawa yoyote ya maumivu maana ingeficha dalili kabla daktari hajamwona. Halafu nikawapigia wenzangu, wote watatu walikuja, yule aliyevunjika mkono ndo alifika wa kwanza. Daktari akamchunguza, akamchoma sindano, akapitisha mpira puani mpaka tumboni akamwekea maji na chumvi, akasema tumewahi, ni chakula kimekwama, utumbo haujajisokota. Akatuambia tumtembeze kidogo tu akitaka kujigaragaza, akitulia tumwache apumzike, na tuhesabu mapigo kila nusu saa. Tukapeana zamu, mmoja kashika kamba, mmoja kashika tochi na daftari, wawili wamelala kwenye marobota ya nyasi. 52, 52, 48. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesinzia nikasikia mwenzangu ananiita kwa kunong'ona, njoo uone, nikakuta fungu la mavi pale chini linatoa mvuke na Shani ananusanusa mfuko wa koti la mtu akitafuta karoti.

Wiki mbili hatukumpanda. Nilikuwa namtembeza kwa kamba ile njia fupi ya msituni, na wale watatu siku hizo waliacha matandiko bandani wakaja na farasi wao kwa kamba vilevile, tukawa tunatembea sote kwa miguu.