Kichwa cha treni ya Lionel kilichokwama katikati
Ndugu, kwa kuwa kichwa chako cha treni ya kuchezea ya Lionel cha miaka ya 1950 kinawasha taa lakini hakiendi mbele wala nyuma, tazama kwanza mkono mdogo wa swichi unaochomoza kwenye ganda la nje, kwani ukizimwa hukata umeme wa koili (waya uliozungushwa unaobadili mwelekeo) na mwelekeo hubaki ulipo, hata katikati, yaani pasipo mbele wala nyuma. Ukiwa umewashwa, zima transfoma kisha uiwashe: chuma kilichomo ndani ya koili huanguka kwa uzito wake na kupanda tena, kikizungusha kipipa (kigurudumu kidogo kinachochagua mwelekeo) hatua moja, hivyo kuijaribu injini ikiwa imepinduliwa (kosa lililonipotezea jioni nzima) hakusaidii. Chuma kikinasa, kisafishe kwa spiriti bila kutia mafuta. Kipipa kikizunguka bila injini kwenda, kagua vidole vyembamba vya shaba vinavyokigusa.