E-kadherini kupungua si uthibitisho kwamba saratani imesambaa

Ndugu, umeuliza iwapo maneno "E-kadherini imepungua" katika majibu ya maabara ya uvimbe wa kibofu cha mkojo cha baba yako yana maana kwamba saratani imeshasambaa. Si lazima. Protini hiyo huzishikanisha seli za utando wa ndani wa kibofu, na inapopungua, seli za uvimbe hubanduka na kupenya tabaka za chini kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana upungufu huo huonekana zaidi katika uvimbe mkali. Hata hivyo, matibabu hutegemea zaidi kina cha uvimbe. Muulize daktari kama kipande kilichopelekwa maabara kilikuwa na msuli wa kibofu, na kama msuli huo umeingiliwa, kwani msuli usipokuwemo kwenye kipande hicho, mara nyingi uvimbe hukwanguliwa tena. Kusambaa kwenyewe huchunguzwa kwa picha za CT, yaani eksirei za kompyuta.