Kabla hujakimbilia kai-skwea

Kila kikundi kipya kikipewa data ya washindi wa Nobel kipime sehemu ya wanawake, kwa nchi, fani na kipindi, saa ya kwanza tu kimeshachora grafu. Wadogo zangu, grafu haikimbii, wala kai-skwea, lile jaribio la takwimu la kulinganisha idadi. Anzeni na safu.

1. Amueni mstari mmoja ni nini: mtu, au mtu na tuzo yake? Marie Curie ana miwili, fizikia 1903 na kemia 1911. Ukifuta majina yanayojirudia, kemia inampoteza mwanamke wake wa kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu (1917, 1944, 1963) halina jinsia. Liondoeni kabla ya kupiga asilimia.

2. Nchi. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapofia. Faili kwa kawaida lina nchi ya kuzaliwa na nchi ya taasisi aliyofanyia kazi mshindi; uraia wenyewe mara nyingi haumo, lakini kichwa cha jedwali kinaandikwa "Uraia" bila haya. Ukifuata kuzaliwa, Doris Lessing (fasihi 2007), Mwingereza aliyekulia Rhodesia ya Kusini, anakuwa wa Iran. Albert Camus (1957) anahamia Algeria. Gurnah (2021) anakuja Tanzania, na hapo hakuna anayelalamika.

Basi wajanja wanahamia safu ya taasisi, na huko wanaharibu zaidi. Washindi wa fasihi na amani kwa kawaida hawaandikiwi chuo, kwa hiyo seli zao ni tupu. Programu nyingi zinaruka mistari yenye seli tupu kimyakimya. R nayo, ile lugha ya takwimu, ukiita amri yake ya kuhesabu, table(), bila kuiambia izionyeshe, haizihesabu. Jedwali linatoka safi, linapendeza, na fani mbili hazimo. Tena si fani zozote. Han Kang, 2024, alikuwa mwanamke wa 18 katika fasihi. Fizikia hadi mwaka huo ina 5. Umetupa sehemu yenye wanawake wengi, kisha unaandika asilimia ya wanawake "katika Nobel", wakati ulichopima ni sayansi na uchumi peke yake. Dawa: kabla ya jambo lolote, hesabu seli tupu kwa kila fani na kila jinsia. Halafu endesha uchambuzi mara mbili, kwa kuzaliwa na kwa taasisi, uweke majibu bega kwa bega. Yakipingana, ripoti yote mawili.

3. Wanawake wa fizikia kwa muongo ni jedwali la sifuri: hadi 2024 walishinda 1903, 1963, 2018, 2020, 2023, basi. Idadi tarajiwa (ile ungeitegemea katika seli kama jinsia na kipindi havihusiani) ikishuka chini ya 5, achana na kai-skwea, tumia jaribio la Fisher, linalofaa idadi ndogo. Ukiunganisha vipindi, chagua mpaka kabla ya kutazama data. Kukata 2018 kwa sababu umeshaona wanawake wanaanzia hapo ni wizi. Na kumbuka Charpentier na Doudna, wanawake wawili waliogawana tuzo ya kemia 2020, ni uamuzi mmoja wa kamati, si miwili.

4. Uchumi ulianza kutolewa 1969. Miaka ya nyuma iache tupu, usijaze sifuri.

5. Donna Strickland alishinda fizikia 2018 kwa kazi iliyochapishwa 1985. Mlinganishe na watafiti wa miaka ile, si wanafunzi wa fizikia wa leo.

6. Majina ya waliopendekezwa hufungwa miaka 50. Aliyependekezwa akakosa, kama mwanafizikia Lise Meitner, anachunguzika. Wa miaka ya 1990 bado, kwa hiyo usiandike kwamba kamati ilimruka.