Shangazi, nimetenga milioni tatu ya almasi, dada yangu kanuna

*Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, mke wangu anauza mchele Mwanjelwa na mwezi wa kumi na mbili tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Mwaka huu parachichi zimenilipa vizuri nikatenga milioni tatu nimnunulie kitu cha maana, almasi au lulu, sio vile vya kuchuja baada ya wiki mbili. Pete yake ya ndoa aliiuza zamani mtoto alipolazwa. Sasa kuna rafiki yangu Tunduma amenikutanisha na jamaa ana almasi kutoka Kongo, bado haijakatwa, karati mbili, kubwa kama harage, anataka milioni moja na laki nane. Alikwaruza nayo kioo cha gari mbele yangu kikachorika kabisa, halafu ina umeme yaani ukiiweka juani unaona. Karatasi hana, anasema almasi za kule huwa hazina karatasi. Mwingine ananiambia niachane na mawe, nichukue mkufu wa lulu ndo heshima ya mama mtu mzima. Mke nimemficha, nataka iwe sapraizi. Ila dada yangu nilimwambia akanuna, anasema mwanamke wa sokoni almasi ya nini, nunua kiwanja. Je nichukue almasi au lulu, nitajuaje ni ya kweli, na dada nimwambieje? Baba Watatu, Uyole.*

Marahaba mwanangu, hongera kwa miaka 15 na hongera kwa parachichi, maana wapo wengi zikiwalipa wanakumbuka baa kwanza.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Jiwe la Tunduma umelielezea mpaka na jua lake, ila pete ya mkeo umeipa sentensi moja tu halafu ukapita haraka. Hapo nitarudi, ngoja kwanza tumalizane na huyo jamaa kabla hela haijaondoka kwenye simu.

Karati ya almasi ni uzito. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo karati mbili ni gramu 0.4, hapo hatujafika hata nusu gramu. Na almasi ni jiwe zito kwa umbo lake, sasa wewe ni mtu wa Mbeya maharage unayajua, jiwe la almasi lenye ukubwa wa harage halisi lingekaribia karati tano huko. Almasi ya karati mbili ikishakatwa mviringo ina upana wa kama milimita 8 tu. Kwa hiyo huyo bwana ama hajui anachouza au anajua sana, mizani na macho yako haviongei kitu kimoja, na mtu mwenye almasi ya karati tano haiuzi milioni moja na laki nane kwa mtu aliyekutana naye juzi.

Halafu hiyo ya kioo cha gari naomba uisahau. Kioo kinakwaruzwa na mawe mengi sana, hata yale mawe meupe ya kwatzi ambayo wachimbaji wa Chunya wanayasaga kutafuta dhahabu yanachora kioo vizuri tu, ukitaka kajaribu. Na asitokee mjuaji akakwambia uipige nyundo eti almasi haivunjiki, almasi haikwaruziki kirahisi lakini ukiigonga vibaya inapasuka kama kawaida, ugumu ni kitu kimoja na kuhimili kipigo ni kingine. Hata zile kalamu za kupimia zinazowaka taa zikigusa jiwe zinadanganyika, zinapima joto, sasa kuna jiwe linaitwa moisanaiti linapitisha joto karibu sawa na almasi na kalamu ya kawaida inalipitisha bila shida.

Tuseme basi ni ya kweli. Unafanya nayo nini? Almasi ghafi ikivuka mpaka inatakiwa iwe na cheti cha Kimberley, kile cha kimataifa cha kuzuia almasi za kugharamia vita, utaratibu upo tangu 2003, na hapa nchini biashara ya madini inaendeshwa kwa leseni, kwa hiyo anayekwambia za kule hazina karatasi anakupa mzigo wa magendo uulale nao ndani. Ukivuka hapo bado unatakiwa umpate mkataji, na kukata kunakula jiwe. Unaikumbuka ile almasi ya waridi ya Mwadui? Mzee Williamson, yule Mkanada aliyegundua mgodi kule Shinyanga mwaka 1940, alimpa Elizabeth zawadi ya harusi yake 1947 kabla hajawa malkia wa Uingereza. Ilitoka ardhini na karati 54.5, ilipomaliza kukatwa zimebaki 23.6. Zaidi ya nusu imekwenda, na hiyo ni mikono ya mafundi wakubwa. Sasa wewe na harage lako utalipeleka kwa nani.

Tunduma basi.

Haya, kwa milioni tatu unapata nini. Karati nzima ya almasi ya asili iliyo safi usiitegemee, hiyo ni dola elfu kadhaa peke yake kabla ya dhahabu. Lakini nani kasema lazima karati nzima? Mi ningekwambia utafute pete ya dhahabu yenye kijiwe cha karati 0.10 hadi 0.20, ya 0.10 ina upana wa kama milimita 3, ni ndogo ndiyo, ila ikikatwa vizuri inawaka kuliko lijiwe likubwa lililokatwa hovyo. Kukatwa ndo kila kitu, usihangaike sana na rangi, wale wa maabara wanapanga rangi kwa herufi kuanzia D isiyo na rangi kabisa hadi Z yenye umanjano, na kwenye kijiwe kidogo ukichukua kama G au H jicho la mtu wa kawaida halioni tofauti, ukishaivalisha dhahabu ya njano ndo kabisa. Kwa vijiwe vidogo hivyo vyeti huwa havitoki kimoja kimoja, kwa hiyo nunua duka linalojulikana na risiti iandikwe vyote, almasi ya asili, uzito wake, na dhahabu ya karati ngapi. Ukija kununua jiwe kubwa hapo ndo unadai cheti cha maabara kama GIA na namba yake unaiangalia mwenyewe kwenye tovuti yao.

Na usichanganywe na hilo neno karati, ya dhahabu sio uzito, ni usafi. Karati 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu na ndani ya pete utaona mhuri wa 750, karati 9 utaona 375. Mtu akikwambia pete ya karati 18 usidhani anasema jiwe, maana wapo wanaokuacha uamini hivyo makusudi.

Watakuonyesha pia almasi za maabara. Hizo ni almasi kweli, sio plastiki, zimekuzwa tu na mashine badala ya kutoka ardhini, na bei yake iko chini sana. Mi sina ugomvi nazo, kwa hela yako ungepata jiwe kubwa zaidi, ila uambiwe kabla ya kulipa na ujue ukija kuiuza hupati kitu. Na nyumbani kwenu pete iliwahi kuuzwa, kwa hiyo hilo lifikirie. Kusema ukweli hata almasi ndogo ya asili ukiirudisha sokoni wanakupa kiduchu, kinachobaki na bei ni ile dhahabu, ndo maana nakwambia weka hela nyingi kwenye gramu na kidogo kwenye jiwe.

Sasa aliyekwambia mkufu wa lulu hajawahi kumwona mkeo kazini. Lulu ni laini, hata funguo kwenye pochi zinaikwaruza, haipendi pafyumu, haipendi mafuta ya nywele, jasho, ndimu, siki, chochote kikali kinaila ule mng'ao. Inavaliwa mwisho kabisa baada ya kila kitu na ikivuliwa inafutwa na kitambaa laini. Mama anayeamka alfajiri kwenda kupima mchele, vumbi la viroba mpaka kwenye kope, mkufu wa lulu ataufungia kabatini uwe wa harusi za watu, na ule uzi wenyewe unataka kufungwa upya baada ya muda la sivyo unakatika ukumbini watu wanaanza kuokota chini ya viti. Hereni za lulu hapo sawa, za Jumapili, jozi ya lulu za maji baridi kutoka China sio ghali. Ila ningekuwa wewe ningetafuta mabe, ile nusu lulu yenye mgongo bapa ambayo akina mama wa Fumba kule Unguja wanaifuga baharini, ukipata mtu anakwenda Zanzibar mwagize. Ni kitu cha kwetu na kina rangi zake zinazobadilika ukiigeuza, mi naipenda kuliko zile nyeupe za duara.

Kuitambua lulu ni rahisi kuliko almasi. Ishike, ya kweli ni ya baridi mwanzoni na ina uzito wake, ya plastiki ni nyepesi na haina baridi. Isugue taratibu kwenye ncha ya jino, utasikia kama mchanga mwembamba, feki inateleza. Halafu chungulia kwenye tundu la uzi, ya kugushi utakuta rangi inabanduka pale pembeni. Na ukikuta zote sawasawa kama zimetoka kwenye kifyatulio kimoja kwa elfu ishirini, bwana we.

Kwa hiyo jibu langu ni pete, na almasi ndogo. Lakini isiwe ile jiwe limenyanyuliwa juu na kucha nne, Mbeya yetu hii Juni na Julai mtu anashinda na sweta, kucha zinakamata nyuzi, zinakamata viroba, siku moja jiwe halipo na hajui limedondokea gunia gani. Mwambie sonara alizamishe, dhahabu ilizunguke jiwe pande zote liwe usawa na pete. Hiyo anaivaa akipima mchele, akisonga ugali, akienda benki, haivui. Na huyo ndo mtu unayemnunulia, sio yule wa kwenye picha ya kadi ya harusi.

Hapa ndo tunafika kwenye sapraizi yako, maana saizi ya kidole huna. Pete ya zamani iliuzwa, hakuna ya kuiba upeleke kwa fundi. Utaniambia utampima na uzi amelala, uzi unanyooka, unasahau fundo la kidole ambalo pete inatakiwa ipite, na vidole vyenyewe havitulii, kwenye baridi vinasinyaa kwenye joto vinavimba, ukimpima asubuhi ya Uyole akaenda kusalimia ndugu Kyela pete inamng'ang'ania hadi atafute sabuni. Apimwe kwa sonara, kuna lile rundo la pete za kupimia, mchana akiwa ametulia, na kidole ni chake aje nacho mwenyewe.

Kwa hiyo itabidi umwambie. Na mi naona ni afadhali. Mwanangu, huyu mwanamke alivua pete ya ndoa akaiuza mtoto atibiwe, na kwa jinsi ulivyoandika sioni kama mliwahi kukaa mkaliongelea. Labda uliona aibu, mwanaume kuona kidole cha mkewe kitupu miaka yote hiyo kunauma, najua. Lakini ukimrushia kiboksi cha almasi bila neno ataanza kujiuliza umefanya nini huko Tunduma, na wenzake pale Mwanjelwa watamsaidia kujiuliza. Mkae jioni watoto wamelala umwambie sikuwahi kukushukuru kwa ile pete, nataka tukachague nyingine. Basi. Akisema anataka dhahabu tupu bila jiwe, mnunulie dhahabu tupu, akisema anataka inayofanana na ile ya zamani fundi atatengeneza. Sapraizi baki nayo kwenye hereni, hizo hazina saizi, ila chungulia kwanza kama matundu ya masikio bado yapo wazi.

Dada yako sasa. Wifi mtu kuumia hela ikienda kwa wifi yake sio habari mpya nyanda hizi, na hajakosea kwamba kiwanja ni kitu. Kiwanja mtanunua, msimu mwingine unakuja na parachichi haziondoki. Ila hiyo kauli ya mwanamke wa sokoni almasi ya nini usiiache ipite hivihivi, huo mchele wa sokoni ndo umelisha nyumba yako parachichi zikiwa bado miche. Mwambie kwa adabu, dada nimekusikia, hili nimeshaamua na mwenzangu. Usimtajie bei, na kuanzia sasa mambo ya nyumbani kwako yajue kwanza mkeo ndo dada afuate. Akiendelea kununa mpelekee mchele wa Kyela kilo kumi, atatulia.