Fleti za shirika Dar: mmeuliza, najibu

Haya, maswali yamejaa kwenye simu mpaka inakwama. Wengi mnataka kuhamia nyumba za serikali hapa Dar, yaani za Shirika la Nyumba (NHC), za Wakala wa Majengo (TBA), za Watumishi Housing, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: wapi kuna usalama? Mi nimekulia fleti za shirika, ghorofa ya tatu, na mpaka leo naishi fleti, kwahiyo najibu kama mpangaji, mimi sio afisa wa mtu.

Shikamoo. Nahamishiwa Dar kikazi kutoka Mwanza, nina watoto wawili na baba yao yuko mbali. Nimeambiwa Upanga ndio kuna amani, Keko nisiguse. Ni kweli? (Mwalimu, Mwanza)

Marahaba mwalimu. Upanga pametulia ndio, ila jina la mtaa halifungi mlango. Mi nimeshaona bloku mbili zinatazamana, mtaa mmoja, shirika lilelile, kwenye moja watoto wanacheza chini mpaka saa mbili usiku, kwenye nyingine ukishuka na ndoo ya taka magharibi unarudi huna simu. Tofauti ilikuwa ngazi tu. Bloku ya kwanza wapangaji walichangishana wakaweka taa kila ghorofa, na kila taa imefungiwa kwenye kikapu cha nondo chenye kufuli, maana balbu ya ngazini ukiiacha hivihivi haimalizi wiki, kuna mtu ataihamishia kwake. Bloku ya pili zimebaki nyaya zinaning'inia, unapanda huku unapapasa ukuta, na pale kwenye kona kuna vijana wamekaa, sura huzioni, unaona moto wa sigara tu.

Kwahiyo ukifika usiende kuangalia nyumba saa nne asubuhi ukaridhika, saa nne asubuhi kila mahali panapendeza. Rudi saa mbili usiku siku ya kazi, halafu rudi tena Jumamosi. Angalia geti linafungwa saa ngapi na funguo anakaa nazo nani, angalia mlango wa kwenda juu ya paa kama una kufuli, maana kuna wezi wa fleti hawapandi, wanashuka kutokea juu. Halafu mtafute mama anayekaanga vitumbua pale chini, nunua vya elfu moja, ukae kwenye benchi lake. Usimuulize "hapa kuna usalama?" maana atakujibu tu tunamshukuru Mungu. Muulize "mwaka huu wameiba nini?" Hapo atafunguka, na atakutajia mpaka namba ya nyumba. Muulize pia kama ulinzi shirikishi, yaani wakazi wenyewe kulinda mtaa usiku, bado upo. Ile 2022 panya road, yale magenge ya vijana wa kupora, waliporudi mitaa mingi ilijipanga usiku kucha, kelele zilipopoa na walinzi wakapotea, sasa we unataka mtaa ambao watu bado wanatoka.

Keko kuna bloku ningekupeleka kesho, na Upanga kuna moja nisingekupeleka. Basi.

Bro kuna jamaa anakaa nyumba ya shirika Ilala, anahamia kwake Goba, anasema ataniachia kimyakimya, nimpe kodi ya mwaka na cha juu kidogo. Nichukue? (Kijana, Tabata)

Mdogo wangu, usichukue. Mpangaji wa NHC haruhusiwi kumpangishia mtu mwingine, mkataba ni wake yeye na shirika, we pale utakuwa mgeni wa mtu asiyekuwepo. Siku maafisa wakipita kuhakiki wapangaji, na huwa wanapita, wanakuta sura sio yenyewe, vitu vyako vinatoka nje na jamaa simu haipatikani.

Mi mwenyewe niliwahi kuliwa laki tatu na dalali, alinionyesha fleti safi, ana funguo, ana mpaka risiti yenye muhuri, kumbe funguo kaazima kwa fundi rangi aliyekuwa anapaka humo ndani. Tangu hapo nimejifunza: nyumba ya umma unaomba ofisini kwao wenyewe, malipo yanakuja na kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, na mkataba unaandikwa jina lako. Mtu akikwambia tuma kwenye namba yangu ya simu nitakuingizia, ujue pesa imeishia hapohapo.

Naishi na mama, ana presha na magoti, na mtoto wa miaka minne. Nichague ghorofa ya ngapi? Na nondo madirishani niweke au nisiweke? (Mama Junior, Kinondoni)

Dada hili ndio swali nilikuwa nalisubiri. Mama akae chini au ya kwanza, usidanganywe na lifti. Lifti ni nzuri siku ya kwanza, halafu umeme unakatika, au wapangaji wanagoma kuchanga, inasimama miezi, na mama anakuwa mfungwa wa ghorofa ya saba, kliniki inakuwa safari ya kubebwa. Muulize mpangaji yeyote lifti imesimama mara ngapi tangu Januari, na pampu ya maji nayo, maana maji yasipopanda we ndio utapanda na madumu.

Sasa nondo. Ya chini bila nondo Dar hulali, hilo sibishani na mtu. Tatizo watu tunaziba kila dirisha kama ghala la korosho, tunaweka na geti la chuma mlangoni, kufuli mbili, funguo iko kwenye pochi ya mama mtu ambaye kaenda kazini. Moto ukianzia jikoni, walio ndani wanatokea wapi? Dirisha moja la chumbani mwambie fundi welda akuwekee nondo zinazofunguka kwa bawaba, kufuli iwe kwa ndani, funguo ining'inie kwenye msumari ambao mkono wa nje haufiki ila mkubwa aliyepo ndani anaufikia gizani. Mi kwangu tumefanya zoezi, taa zimezimwa, mtoto wangu mkubwa alitumia dakika nzima kutafuta ule msumari akiwa analia, ndio nikajua funguo nimeiweka juu mno, tukaishusha. Kwa huyo wa miaka minne nondo za baraza za juu ziwe zimebanana kiasi kichwa kisipite, na stuli na ndoo zisikae barazani kabisa, mtoto anapanda chochote.

Gesi: mtungi ukae karibu na dirisha linalofunguka, ukisikia harufu funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote hata ya taa, toka. Zimamoto ni 114. Na kabla hujalipa kodi angalia chini, gari la zimamoto lingepita wapi? Fleti nyingi ile njia imeshakuwa paking ya bajaji na kibanda cha chipsi.

Hizi ghorofa za zamani hazitatuangukia? Baada ya Kariakoo naogopa. (Mkaazi mtarajiwa, Mbagala)

Hofu yako ina sababu. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lilianguka pale mtaa wa Indira Gandhi likaua zaidi ya watu 30, na lile lilikuwa jipya, bado linajengwa. Halafu Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, nalo likaua watu wengi, na wafanyabiashara wa pale walisimulia kwamba chini kulikuwa kunachimbwa. Kwahiyo mi uzee wa jengo haunitishi sana. Majengo mengi ya katikati ya mji serikali iliyachukua mwaka 1971 na bado yamesimama. Kinachonitisha ni mtu anayevunja ukuta wa chini apanue fremu ya duka. Pita chini, ukikuta nyundo zinalia kwenye nguzo, au ufa unaokatiza nguzo na sio plasta tu, na nondo zimechungulia zina kutu, toka hapo, na kamwambie mwenye jengo kwa maandishi.

Kuna fleti nimeona karibu na Jangwani, bei nzuri sana. (Hakuandika jina)

Bei nzuri kwa sababu ya mto Msimbazi. Desemba 2011 maji yaliua watu bonde lile na waliobaki wakapelekwa Mabwepande, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha barabara ya Jangwani inafungwa. Fleti ya juu huwezi kuzama lakini utakwama, na choo kitarudisha. Nenda siku ya mvua, angalia alama ya tope ukutani inafika wapi. Kama wamepaka rangi mpya mpaka kiunoni tu, na juu ni rangi ya zamani, umeshajibiwa.

Assalaam alaykum, niko Muscat, Mtanzania mwenye pasi, nataka kununua fleti ya mradi wa serikali huko Kawe nipangishe kwanza halafu nirudi nikae. Niangalie nini? (Ndugu yenu, Oman)

Waalaykum salaam kaka. Hati iwe ya sehemu ya jengo, ndio sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya 2008 inavyotaka, na kuna umoja wa wamiliki ambao unachangisha kwa ajili ya ulinzi, taa, lifti, maji. Omba kuona kumbukumbu zao za kikao cha mwisho na nani anadaiwa. Jengo ambalo nusu ya wamiliki wako nje ya nchi na hawalipi, mlinzi hana mshahara, na mlinzi asiye na mshahara anageuka dalali wa wezi. Nasema na wewe pia kaka, ukishanunua utume ile ada. Na usinunue kwa video ya wasapu, mtume dada yako aende usiku.

Nimepata nyumba, nahamia Jumamosi. Nianzie wapi? (Mwalimu tena, sasa yuko Dar)

Hongera mwalimu! Umepata Keko eh, nimecheka. Badilisha kitasa kabla hujashusha godoro, wapangaji waliopita wana funguo na mafundi wao wana funguo. Halafu ukajitambulishe kwa mjumbe na serikali ya mtaa, ubebe barua ya kazini, na namba ya mjumbe umpe mtoto mkubwa aikariri. Taa za ngazini watakuja kukuchangisha Jumapili, wape siku hiyohiyo.