Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kununua Nyumba Kampemba

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako kutoka Kolwezi imenifikia. Unauliza ufanyeje ili mwenye nyumba ile ya Kampemba, hapa Lubumbashi, ashuke kutoka dola 32,000, na kama umwamini komisioneri, yule dalali wa nyumba, anayesema kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi.

Nianze na huyo mteja, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Huenda yupo, huenda hayupo; usiongeze hata dola moja kwa ajili ya mtu usiyemwona. Komisioneri hulipwa sehemu ya bei, kwa hiyo bei ikipanda naye hupata zaidi. Sisemi kwamba ni mtu mbaya, lakini usimweleze kuwa mmeweka akiba ya dola 30,000, wala kwamba kodi ya nyumba mnayopanga inakaribia kwisha. Neno utakalomwambia jioni, lihesabu kuwa limelala kwa muuzaji.

Kosa hilo nililifanya mimi tuliponunua parseli hii, yaani kiwanja chetu na nyumba yake. Niliingia uani, nikauona mwembe, nikaanza kuusifu mbele ya mwenye nyumba na kuonyesha mahali ambapo baba yako angeweka kiti chake. Tangu saa ile yule mzee hakushuka tena hata kidogo. Tulilipa bei yote aliyoitaja, na mwaka uliofuata tukatoa fedha nyingine kubadilisha mbao za paa zilizoliwa na mchwa, ambazo tungeziona siku ile kama tungepanda juu kutazama.

Kwa hiyo, kabla hujataja bei yoyote, jua kwanza kwa nini anauza. Waulize majirani kwa upole. Mwenye mgonjwa wa kupeleka mbali, au mtoto wa kulipia chuo, hukubali bei ndogo inayokuja upesi, lakini asiyeharakishwa na lolote atakungojesha. Uliza pia nyumba za barabara ile ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, kwa kuwa bei inayotajwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili. Kisha rudi pale siku ya mvua, pamoja na fundi wako mwenyewe, si wa komisioneri. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hazikosekani hapa kwetu, nazo zitakuonyesha dari linalovuja na maji yanayosimama uani.

Andika kila kasoro na gharama yake. Tuseme nyumba zinazofanana na ile ziliuzwa kwa dola 29,000, na fundi amekadiria paa 1,800, choo 700 na ukuta wa ua 1,200: taja 25,300, weka karatasi ya hesabu mezani, kisha unyamaze. Bei yenye hesabu nyuma yake haikataliwi kirahisi. Akinyamaza naye, vumilia. Ukikimbilia kuongeza, utakuwa umepandisha bei kabla hajaomba. Ukilazimika kupanda, panda kwa hatua zinazopungua, 1,000, halafu 500, halafu 200, na kila hatua uombe kitu: amalize madeni ya umeme (SNEL) na ya maji (REGIDESO), au abebe gharama za kuhamisha hati. Mpaka wenu wa mwisho uandikeni wewe na mume wako mkiwa nyumbani, na mkiufikia, muage kwa heshima mwondoke. Wauzaji wengi hupiga simu baada ya siku chache.

Sasa hati, na hapa nakuomba usome polepole. Hapa Kongo, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Unachonunua ni nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi ile, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konsavateri wa ardhi, yaani afisa wa Serikali anayesajili hati. Fishi ya parseli, ile karatasi ya kumbukumbu za kiwanja, haifikii nguvu ya cheti hicho, kwa hiyo nyumba yenye fishi tu haiwezi kudai bei ya nyumba yenye cheti. Kama cheti kipo, tazama tarehe yake, kwa sababu kikipita miaka miwili ni vigumu zaidi kukipinga mahakamani.

Umeandika pia kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu baba wa muuzaji. Basi warithi wote lazima watie sahihi, mabinti sawasawa na wavulana, na pia mjane kama yu hai. Jambo hili usilifanye sababu ya kuomba punguzo. Akikosekana mmoja wao, hata akushushie hadi dola 15,000, usinunue.

Kuhusu malipo, toa kitangulizi kidogo kwa maandishi, sehemu kubwa ilipwe siku ya kusaini mbele ya notere, yaani afisa anayethibitisha mikataba, na kiasi kingine ukishike mpaka cheti kitoke kwa jina lako. Muuzaji atalalamika. Mimi ningependa zaidi umwongezee dola 1,000 katika bei kuliko kumwachia dola 4,000 za mwisho kabla ya cheti.

Jumatatu nitapita ofisi ya ardhi na nakala ya fishi uliyonitumia, niulize parseli ile imeandikwa kwa jina la nani. Mpaka nikupigie simu, mwambie komisioneri kwamba bado mnashauriana nyumbani, jambo ambalo ni kweli.

Nisalimie mume wako na wajukuu wangu.

Mama yako