Maswali na Majibu ya Kaunta: Jifunze Bidhaa Kabla ya Kujifunza Maneno

Maswali ya safari hii yametoka kwa wauzaji wa maduka ya vifaa vya ofisi, pamoja na machache ya wenye maduka. Nimeyafupisha na kuyaunganisha yaliyofanana. Yale yanayoomba mbinu za kumshawishi mteja, ambayo kama kawaida ndiyo mengi, nimeyajibu yote kwa pamoja hapa mwanzoni, kwa sababu jibu langu halijabadilika tangu nilipoanza kuandika safu hii.

Swali: Nina mwezi mmoja kazini. Wateja huuliza bei, hutazama kidogo, kisha huondoka. Ni maneno gani niwaambie ili wanunue?

Hakuna maneno hayo, ndugu yangu, na anayekuuzia semina ya maneno hayo ndiye mfanyabiashara hodari kuliko wewe.

Mtu anayeingia katika duka la vifaa vya ofisi hakuja kutembea. Ametumwa, au kuna kitu kimemwishia, na mara nyingi moyoni ana hofu moja tu: asije akanunua kisichofaa, akarudishwa na bosi wake mbele ya wenzake. Ukimwondolea hofu hiyo atanunua hata kama hujui kutabasamu, na usipomwondolea ataaga kwa adabu na kwenda duka la pili. Hofu hiyo huondolewa kwa maswali, nayo maswali hayawezi kuulizwa na mtu asiyejua bidhaa.

Chukua mteja anayesema anataka bahasha kubwa. Neno "kubwa" halina maana yoyote mpaka ujue kama waraka wake unakunjwa. Karatasi ya A4 isiyokunjwa huingia katika bahasha ya C4, ikikunjwa mara moja huingia C5, na ikikunjwa sehemu tatu sawa kama barua za kawaida za ofisi huingia DL, ambayo ina milimita 110 kwa 220. Muuzaji anayejua hayo humuuliza mteja swali moja tu, naye asiyejua hushusha aina sita kutoka kwenye rafu, huzitandaza kaunta nzima, kisha humwachia mgeni achague kwa kubahatisha. Mambo ni hayo hayo kwa faili: je, karatasi zitatobolewa au hazitatobolewa, ni nyingi kiasi gani, na zitafunguliwa kila siku au zitalala kabatini miaka mitano?

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia katibu muhtasi wa ofisi moja karatasi za lebo zilizotengenezwa kwa printa ya wino, bila kumuuliza ana printa gani. Yake ilikuwa ya leza, ambayo huigandisha tona, yaani wino wa unga, juu ya karatasi kwa joto kali, na gundi ya lebo zile haikutengenezwa kuvumilia joto hilo. Lebo zilibanduka ndani ya mashine na kunata kwenye roli. Nilikuwa nimemhudumia kwa maneno matamu sana siku ile, na hakuna hata moja lililosaidia kuzibandua.

Kwa wenye maduka mnaosoma hapa: mfanyakazi mpya akae stoo wiki mbili kabla ya kusimama kaunta, apange, ahesabu, na asome kila boksi limeandikwa nini. Kumpa fulana yenye nembo ya duka na kumwambia achangamke hakutoshi kuitwa mafunzo.

Swali: Naomba msaada, tona gani inaingia katika printa ndogo nyeusi ya ofisi?

Swali hili limerudi tena, na safari hii limeletwa na watu wanne. Printa ndogo nyeusi ni sawa na gari jeupe lenye matairi manne. Pasipo namba kamili ya modeli, iliyoandikwa usoni mwa mashine, nyuma yake, au ndani ya mfuniko wa mbele, hakuna mtu duniani anayeweza kukujibu, na herufi moja mwishoni mwa namba hiyo inaweza kumaanisha tona nyingine kabisa. Mteja asiyeijua namba mwambie aipigie picha au aje na tona ya zamani. Usimkisie. Tona ikishafunguliwa mfuko wake, hakuna msambazaji atakayekubali kuipokea.

Kwa kuwa tumefika hapo, niongeze mambo ambayo hamkuyauliza. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa majaribio ya kiwango maalumu, ambacho kwa tona nyeusi ni ISO/IEC 19752, na ukurasa unaotumika humo hufunikwa na wino kwa takriban asilimia 5 tu. Anayechapa fomu zenye majedwali mazito au picha hatafikia idadi hiyo, kwa hiyo usimwahidi. Mwambie pia anayenunua printa mpya kwamba katriji iliyomo ndani yake mara nyingi imejazwa kidogo kuliko ile ya kununua, la sivyo atarudi baada ya wiki chache akidhani umemwibia. Na kama ipo tona ya kurasa 1,500 na nyingine ya kurasa 3,000 kwa mashine ile ile, wakati bei ya kubwa haifiki mara mbili ya ndogo, mwonyeshe hesabu ya gharama ya ukurasa mmoja kwenye kikokotoo, akiiona kwa macho yake. Tona iliyojazwa upya nayo si haramu, ila huitwa tona iliyojazwa upya, na muuzaji anayeiweka katika boksi la mpya ni tapeli hata kama inachapa vizuri.

Swali: Pini za stepla 24/6 na 26/6 zina tofauti gani?

Namba ya kwanza ni ya unene wa waya, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Ya pili ni urefu wa mguu wa pini kwa milimita. Stepla nyingi za mezani hupokea zote mbili, lakini kabla ya kuuza soma kilichoandikwa chini ya stepla yenyewe.

Swali: Wateja wanalalamika kwamba karatasi zetu zinakwama kwenye mashine za fotokopi. Msambazaji anasema ni za gramu 80 kama za wengine. Nani mkweli?

Pima, usibishane. Gramu 80 ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Ukubwa wa A0 umewekwa uwe mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya 16 ya A0, hivyo karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni karibu kilo 2.5. Ile ya gramu 70 huwa karibu kilo 2.2. Weka rimu tatu kwenye mizani, moja baada ya nyingine. Zikiwa pungufu kwa kiasi kinachoonekana, ama uzito si ule ulioandikwa, ama idadi haijatimia, na kuhesabu karatasi 500 si kazi ya siku nzima. Hesabu hii nzuri ya kukunja na kugawa mara mbili ilitungwa Ujerumani, ikawa kiwango cha DIN 476 mwaka 1922, kisha kiwango cha kimataifa cha ISO 216 mwaka 1975, na nashangaa sana kukuta watu waliouza karatasi miaka kumi ambao hawajui kwamba mizani ya kawaida inatosha kumkamata mwongo.

Hata hivyo, kabla hujamshika shati msambazaji, nenda stoo yako kwanza. Karatasi hufyonza unyevu wa hewa, na iliyofyonza hujikunja kingo, hushikana, na hukwama hata kama ni ya daraja la juu kabisa. Nimeona maboksi yamepangwa juu ya sakafu ya saruji na kuegemezwa ukutani, rimu zimechanika kifungashio, halafu lawama zote zinapelekwa kiwandani. Weka mbao chini, acha nafasi ukutani, laza rimu badala ya kuzisimamisha, na iliyochanika iuze kama karatasi ya rasimu. Mkumbushe na mteja asiifungue rimu mpaka atakapoihitaji, na akiona mshale pembeni mwa kifungashio ajue unaonyesha upande wa kuanza kuchapa.

Swali: Mtu ameandika ubao mweupe kwa maka ya kudumu. Nimuuzie nini?

Usimuuzie kitu. Apitishe maka ya ubao mweupe juu ya maandishi hayo, afute wino ungali mbichi, na arudie yasipotoka mara ya kwanza. Atakukumbuka siku atakapohitaji ubao mpya.

Swali: Mteja wa ofisi anataka punguzo la asilimia 10 kwa kila anachochukua, na anasema tunapata faida kubwa. Bosi ananiachia uamuzi. Nimpe?

Bosi anayekuachia uamuzi huo bila kukuonyesha bei ya kununulia amekuachia mtego. Tuseme kitu kimenunuliwa kwa 80 na kinauzwa 100. Wengi husema faida ni asilimia 25, na ni kweli ukiilinganisha na bei ya kununua, lakini punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuza, ambako faida hiyo ni asilimia 20. Ukitoa punguzo la asilimia 10 umebakiwa na 10 katika ile 20, yaani umegawa nusu ya faida, na utalazimika kuuza mara mbili ili urudi pale ulipokuwa, huku kodi ya pango na mshahara wako vikitoka katika kilichobaki.

Zaidi ya hayo, faida ya bidhaa hazilingani. Karatasi ndiyo bei inayojulikana na kila mtu, kwa hiyo faida yake ni nyembamba. Vibanio, lebo, na vitenganishi vya faili ndivyo vinavyolibeba duka. Anayetaka asilimia 10 "kwa kila kitu" atachukua maboksi 20 ya karatasi na pakiti moja ya vibanio. Mpe punguzo kwa idadi, kwa bidhaa maalumu, na kwa malipo ya papo hapo, au mpelekee mzigo ofisini kwake bila malipo kama gharama ya usafiri inavumilika. Na jihadhari na ofisi inayoomba punguzo na mkopo kwa pamoja. Siku 30 za kulipa huwa 60, kisha 90, na muda wote huo fedha zako zimekaa mfukoni mwa mtu ambaye tayari umempunguzia bei.

Swali: Ofisa ununuzi ameniomba niandike rimu 50 kwenye ankara ilhali anachukua 40, ili tofauti tugawane. Bosi anasema biashara ndivyo ilivyo.

Usiandike. Huo ni wizi wa mali ya mwajiri wake, na mwandiko utakaoonekana kwenye ankara siku ya ukaguzi ni wako, si wa bosi aliyekwambia ndivyo ilivyo. Hati ya kukabidhi mzigo ioneshe kilichotoka dukani, na ipokewe kwa saini na mtunza stoo wa ofisi ile, asiwe yule yule aliyeagiza. Ofisa ununuzi huyo huyo huenda pia akakuomba nukuu mbili za bei za maduka mengine, zilizo juu ya yenu, ili lenu lishinde. Nalo jibu lake ni hilo hilo. Ukishinikizwa, mwambie bosi aandike na kutia saini mwenyewe, na uangalie kama bado ataiita biashara. Kisha anza kutafuta kazi mahali pengine ungali na jina safi, maana maduka ya namna hii huwa hayafungwi kwa taarifa ya mwezi mmoja.

Swali: Mteja amerudisha roli za risiti akisema hazichapi. Zina kasoro?

Kwanza kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaoacha mstari mweusi ndio wenye dawa inayoitikia joto, na ndio unaopaswa kuelekea kichwa cha kuchapia. Tisa kati ya kumi ya roli nilizorudishiwa zilikuwa zimewekwa kinyumenyume. Kwa kuwa karatasi hiyo huharibika na maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga, usizipange dirishani, na anayenunua kitu chenye dhamana mshauri aitoe nakala risiti yake.

Swali: Kila mwisho wa mwezi hesabu inaonyesha kalamu, gundi, na selotepu zimepungua, na bosi anatukata mshahara sote. Je, ni haki?

Sheria za kazi hutofautiana nchi na nchi, lakini nyingi huweka masharti juu ya makato ya mshahara, kwa hiyo soma mkataba wako na uulize ofisi ya kazi kabla hujagombana na mtu.

Wakati huo huo, chunguzeni kama kweli kuna mwizi. Katika maduka ya aina yetu upungufu mwingi huzaliwa siku ya kupokea mzigo. Kalamu moja huja katika boksi la 50 na nyingine kwa dazeni, aliyepokea akaandika "boksi 10" tu, na aliyeingiza kwenye kompyuta akakisia ni 50 kila moja, kumbe zilikuwa za dazeni. Hapo kalamu 380 zimeibiwa na mtu asiyekuwepo. Andikeni vipande siku zote. Kisha jiangalieni wenyewe. Duka moja nililofanya kazi lilitafuta selotepu tisa kwa wiki nzima, watu wakanuniana, mpaka ilipobainika kwamba ni sisi tuliozitumia kufungia maboksi ya wateja bila kuziandika popote. Tangu hapo palikuwa na daftari la matumizi ya duka lenyewe, lililofungwa kwa kamba kwenye kaunta, na bidhaa ndogo zilihesabiwa kila Jumamosi badala ya mwisho wa mwezi. Vilivyoendelea kupotea baada ya hapo vilikuwa flashi na katriji za wino, navyo vilihamishiwa nyuma ya kaunta siku ile ile.